Nilimtuma Gari la Kufundishia

Jumatatu, 3 Machi

Gari limenunuliwa. Mume wangu ameingia darasani katikati ya somo la mizunguko ya barabarani, akafuta ubao wote, akaandika kwa herufi kubwa: TUMESHINDA MNADA. Wanafunzi wakapiga makofi. Hawajui wanachokipigia makofi. Hata mimi nilipiga.

Afadhali. Ofisa wa leseni alishatuambia wazi: shule ya udereva yenye gari moja si shule, ni teksi yenye kibao cha L. Mwisho wa Mei anataka kuona magari mawili, yote yawe na pedali za mwalimu, la sivyo anafunga mlango. Tuna Kobe peke yake – ndivyo wanafunzi walivyolibatiza gari letu – na klachi ya Kobe siku hizi inanuka kama nywele zilizoungua.

Nilimpa maelezo ambayo hata mtoto angeyashika. Dogo. Milango minne. Gia za mkono. Injini isiyojua kujisifu. Liwe limetumika Japani, kwa kuwa jipya hatuliwezi. Yeye hufundisha alama ukutani na anajua kompyuta, mimi hufundisha barabarani, tukagawana kazi. Picha sijaiona bado. Anasema anataka iwe sapraizi.

Sapraizi. Kwa gari la kufundishia.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeiona picha.

Milango miwili. Jeupe. Nyuma lina bawa, utadhani linakusudia kuruka. Limeinama mpaka linakaribia kulamba lami. Turbo. Nikatazama picha, nikamtazama yeye, nikatazama picha tena. Picha haikubadilika.

Amejitetea huku akikata mkate. Gia si za mkono? Si ulisema za mkono? Nilisema. Basi, anasema, hilo la milango miwili lilikuwa rahisi kuliko yale ya milango minne, na watu wa mjini wanayalilia magari ya namna hii. Likifika tutaliuza mara mbili ya bei, tununue magari mawili ya shule, tubaki na chenji. Amepiga hesabu nyuma ya karatasi ya mtihani. Hesabu nzuri, imenyooka, imepigiwa mstari. Haina ushuru.

Nikamwuliza ushuru uko wapi. Anasema huo ni mdogo, unatozwa kwa bei tuliyonunulia, na bei yetu ni ndogo.

Huyu ndiye anayefundisha watu kutii alama. Alama ya "Simama" anaweza kuichora akiwa usingizini. Ilipomjia yeye mwenyewe usoni, kaipita.

Mama mkwe naye akaomba aone. Akavaa miwani, akaisogeza simu, akairudisha nyuma. Akauliza milango mingine imeibiwa njiani au huko huko. Leo nimempenda mama mkwe.

Jumanne, 18 Machi

Amekuja wakala wa kutoa magari bandarini. Ni rafiki wa rafiki wa mume wangu – ukoo wa hatari. Simu mbili, zote hazina chaji. Kila swali nililomwuliza alinijibu kesho. Bei ya kazi yako? Kesho. Orodha ya malipo? Kesho. Alipoondoka tulikuwa tumeshampa jina: Kesho.

Lakini jambo moja alilijua leo leo. Aliiangalia karatasi ya mnada akaona pale kwenye daraja la gari pameandikwa R. Mume wangu alikwishanieleza maana yake: R ni ya resi. Kesho akacheka mpaka akalazimika kuweka kikombe chini. R, anasema, maana yake lilishagongwa likatengenezwa. Ndiyo siri ya bei kuwa ndogo. Mjapani hamwachii mtu kitu bure.

Mume wangu akaikunja ile karatasi. Kisha akasema hata binadamu huvunjika mkono ukaunga.

Na umri. Yeye alihesabu tangu siku gari liliposajiliwa mara ya kwanza kule. Forodha yetu inahesabu tangu mwaka wa kutengenezwa. Tofauti ni miezi tu, lakini mstari umepita hapo hapo katikati. Upande huu ni gari. Upande ule ni kizee, na kizee hutozwa ushuru wa uchakavu. Letu limeangukia kwa vizee. Na injini nayo imezidi kipimo kwa ujazo wa chupa ya soda, kwa hiyo linapanda ngazi moja ya ushuru pamoja na magari ya wakubwa.

Yaani ni zee na ni kubwa na limegongwa. Na lina bawa.

Kizuri kimoja: limepita ukaguzi wa Japani kabla ya kupandishwa melini. Wamepima breki, wamepima taa, wamesoma kilomita, wamepima hata mionzi. Akili ya mnunuzi hawakuipima.

Jumatano, 2 Aprili

Meli iko baharini. Mume wangu ana ramani kwenye simu yenye kidoto, na kidoto hicho ndicho meli. Anakitazama asubuhi kabla hajaniuliza nimeamkaje. Leo amewaonyesha wanafunzi. Somo lilikuwa nani apite kwanza kwenye makutano.

Mvua imeanza. Mabati ya chumba cha mama mkwe yanavuja pale pale pa mwaka jana, na pengine papya. Nimetega beseni. Pesa za paa zipo, fundi ameahidi mwezi ujao. Hizo asiziguse mtu.

Mwanafunzi wangu mshonaji leo tena ameshindwa kuondoka mlimani. Kobe akaanza kurudi nyuma kuelekea lori la mchanga, na mguu wangu ukakanyaga breki kabla sijaamua. Mguu huu wa kulia umekuwa mtumishi wa makosa ya watu. Hata nikiwa kwenye kochi, gari likikata kona kwenye televisheni, wenyewe unakanyaga zulia. Mama mkwe huniambia, mwanangu, huo ni ugonjwa.

Alhamisi, 24 Aprili

Limefika. Kesho anasema karatasi zitakuwa tayari kesho.

Jumatatu, 28 Aprili

Zile siku ambazo bandari hulihifadhi gari bure zimekwisha. Sasa gari letu linakaa kule kama mgeni wa hoteli: linalala, linalipiwa, na kila kukicha bei inapanda. Mume wangu amekuwa akienda na shati lililopigwa pasi, anarudi nalo limekunjamana, jibu ni lile lile. Leo nimefuta masomo yote nikafuatana naye.

Ofisi ya forodha. Viti vya chuma vimefungwa pamoja kwa mnyororo, nadhani kuna siku mtu alitaka kuondoka na kimoja. Feni inazunguka bila kumpepea yeyote. Kesho alitangulia, anamsalimia kila mtu kwa jina. Wao hawakumwitikia kwa jina. Mume wangu akaitoa risiti ya mnada, akailaza kwenye kaunta taratibu, kama cheti cha ndoa.

Ofisa, mama wa rika langu, hakuigusa. Akamwambia kwa upole kabisa:

"Baba, hiyo ni bei mliyoelewana wewe na Mjapani. Sisi tunatoza kwa bei iliyo kwenye jedwali letu."

Na jedwali lao halijui kwamba gari liligongwa. Kwenye jedwali gari letu ni zima, zuri, la kutamanika. Juu ya uzuri huo kuna ushuru wa kuingiza. Juu ya huo, ushuru wa injini kubwa. Juu ya huo, uchakavu. Halafu inakuja kodi ya mwisho, ile ya ongezeko la thamani, na hiyo inatozwa juu ya zote zilizotangulia. Kodi inayokula kodi. Mume wangu akanong'ona kwamba hawawezi kulitoza gari kwa uzuri na kwa uzee kwa wakati mmoja. Ofisa akamjibu kwamba wanaweza.

Jumla imepita bei ya gari lenyewe. Kumbe tulichomlipa Mjapani kilikuwa kiingilio cha mlangoni tu, ngoma yenyewe inalipiwa ndani.

Nikauliza tukiliacha je? Watalipiga mnada wao, sisi tutoke mikono mitupu. Tukilirudisha je? Nauli ya meli juu yetu. Ofisa alinijibu yote mawili bila kuchoka, akiniangalia kama daktari anavyomwangalia ndugu wa mgonjwa.

Pesa za paa zimekwenda. Mkono uliosaini ni wangu.

Tukapanda basi la kurudi. Nilikuwa na maneno ya kujaza basi, nikayameza yote. Nayatema hapa. Mjinga, mjinga, mjinga. Nimeolewa na ubao wa matangazo.

Jumanne, 6 Mei

Limetoka. Lipo nyumbani. Nimeliendesha mimi.

Leo siandiki zaidi.

Jumatano, 7 Mei

Haya, niandike. Nani atasoma.

Kesho alilitoa mpaka nje ya yadi, limejaa vumbi, limebandikwa namba za muda kwa gundi. Mume wangu alivaa miwani ya jua. Mawingu yalikuwa yametanda mbingu nzima. Akaketi, akafunga mkanda, akarekebisha kioo cha kati, cha kulia, cha kushoto, kama anavyofundisha. Hapo sina neno. Akawasha. Akaachia klachi. Likazima.

Akawasha tena, likaruka kama mbuzi, likazima. Klachi ya gari hili ni ngumu, tena inashika juu kabisa, si ile tepetepe ya Kobe aliyoizoea. Likaja kuzimika kwenye geti lenyewe la bandari, malori nyuma yanapiga honi, walinzi wameegemea kizuizi wanacheka bila kujificha. Akashuka. Hakunitazama. Akasema, "Endesha wewe, Mwalimu. Mguu umekufa ganzi."

Nilikaa kwa hasira. Nia yangu ilikuwa kulifikisha nyumbani huku nikilitukana. Kiti kinakubana mbavu kama fundi cherehani anayekupima. Kijiti cha gia ni kifupi, kinaingia kwa mlio wa kufuli. Mjini lilinguruma, lilinung'unika, kila tuta lilikwaruza tumbo lake. Gari la kipumbavu. Nilisema hivyo kwa sauti, mume wangu akatazama nje.

Kisha ile barabara pana ya kutoka mjini. Tupu. Gia ya tatu. Nikakanyaga, si sana. Kwanza hakuna kitu. Kimya kidogo, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema jambo. Halafu filimbi nyembamba huko mbele, mgongo wangu ukasukumwa kitini, na nguzo za umeme zikaanza kunijia zenyewe.

Mume wangu alishika kishikio cha mlango kwa mikono yote miwili. Mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga zulia, unaitafuta breki. Niliuona. Wangu ulikuwa umetulia mahali pake, unajua unachokifanya.

Miaka yote nimekaa kiti cha kushoto namwambia mtu punguza. Tazama kioo. Punguza. Punguza nakwambia. Sikumbuki hata siku moja niliyomwambia mtu: ongeza.

Nilipunguza. Bila shaka nilipunguza, sheria ni sheria. Nyumbani mama mkwe akaniuliza mbona uso umeiva. Nikasema jua. Akaangalia mawingu, akaniangalia mimi.

Liuzwe haraka.

Ijumaa, 9 Mei

Ukaguzi wa kusajili. Limefeli.

Bomba la moshi si la kiwandani. Pana kama mtungi, linavuma kupita kipimo. Vioo vya mbele vina giza. Limeshushwa chini kuliko inavyoruhusiwa. Mkaguzi alilizunguka na tochi yake, anaandika, anatabasamu, anaandika. Huko Japani kuna mtu alilipamba gari hili kwa mapenzi yake yote. Huku kila pambo ni kosa.

Watu wa bima ndio kabisa. Kampuni ya kwanza ilisikia "turbo", ikasikia "milango miwili", ikasema itatupigia. Hiyo simu tutaisubiri mpaka tuote mvi. Ya pili imetaja bei ya kumkatia bima rubani.

Usiku mvua tena. Mabeseni sasa ni mawili, na sufuria. Gari limefunikwa turubai jipya. Limekauka, lina raha zake.

Mume wangu amekuja na wazo. Tuliwekee pedali za mwalimu, liwe ndilo gari la pili la shule. Kanuni haikutaja idadi ya milango, anasema. Ameisoma – sasa ndiyo anasoma kanuni! Nikamwuliza mshonaji wangu, anayeshindwa na Kobe mlimani, nimkabidhi hilo? Akanywea.

Lakini nilichelewa kidogo kumjibu. Naandika kwa kuwa ni kweli.

Jumanne, 13 Mei

Limepita. Fundi ametuwekea bomba la kawaida, tumebandua giza, tumeliinua. Namba za kudumu zimefungwa. Kila hatua imelipiwa, na mashine ya kufulia haipo tena nyumbani kwetu. Tangazo limetoka.

Wanunuzi wameanza kuja. Mungu wangu, wanunuzi. Wa kwanza aliegemea bawa, akapigwa picha na mwenzake, wakaondoka. Wa pili anataka tubadilishane na kiwanja ambacho kwa maelezo yake mwenyewe vyura wanakipenda. Wa tatu alijiita dereva mzoefu. Nikamtazama alivyoshika usukani, kama mtu aliyebeba trei ya chai, nikamwalika darasani.

Injini ya turbo haitakiwi kukaa siku nyingi bila kuwashwa. Nimesoma. Kwa hiyo asubuhi kabla ya somo la kwanza naipasha moto. Naipasha mpaka kwenye ile barabara pana, nageuza pale kwenye mzani wa malori, narudi. Linakunywa mafuta ya bei ya juu tu, ya kawaida linayakohoa. Mume wangu nimemwambia natafuta kasoro, mnunuzi asije akatulaumu. Amenishukuru. Anasema bila mimi angekuwa ameshaumbuka.

Ameshaumbuka. Simsuti kwa hilo, amenyong'onyea mwenyewe. Simu haishiki, ramani za meli ameacha. Anachotaka ni gari liende, paa lizibwe, ofisa wa leseni aridhike, mimi nianze kuzungumza naye tena wakati wa kula. Ghafla amekuwa mtu wa busara. Amechagua wakati.

Na mimi? Watu wazima wananiamkia njiani. Leo asubuhi nimecheka peke yangu, ndani ya gia ya tatu, kwa sauti, mdomo wazi kama mwendawazimu. Na huyo ndiye aliyemwita mwenzake mjinga mara tatu.

Jumamosi, 17 Mei

Mnunuzi amepatikana. Daktari wa meno. Alikuja tukiwa bado tunaondoa vyombo vya asubuhi. Hakuegemea bawa. Alivua koti, akapiga magoti, akachungulia chini, akapaona palipoungwa, akasema kazi imefanywa vizuri. Hakutumia hilo kushusha bei. Alitaja bei yetu ile ile, tena alipe leo hii, benki iko wazi mpaka mchana.

Inatosha. Nimepiga hesabu mara mbili, na ushuru wote umo. Yadi ya magari ya pale njia panda wana gari dogo la kijivu, milango minne, gia za mkono, sura ya mtu aliyekubali maisha. Mume wangu ameshawapigia simu, wamelishikilia mpaka jioni. Pedali zitafungwa wiki ijayo. Ofisa wa leseni atakuta magari mawili. Kitakachobaki kinatosha mabati. Mtu akiomba dua hawezi kuomba zaidi ya hapo.

Nilimwuliza daktari atakuwa akilitumia wapi. Akashangaa kidogo. Hatalitumia, anasema. Ana banda la kuegeshea lenye vigae, ameshaagiza na turubai lake, laini ndani, lisikwaruze rangi. Jumapili atakuwa akiliwasha, analiacha lingurume kidogo pale pale liliposimama, kisha analizima na kulifunika. Hataki kulichosha. Alisema haya kwa upole sana. Mtu mwema. Kucha safi.

Nikaitikia. Nikasema ni jambo la busara.

Sasa wapo sebuleni. Chai ya pili. Mama mkwe alikuwa anamweleza daktari habari za gego lake la juu, daktari anamsikiliza kana kwamba amelipwa. Kadi ya gari iko mezani, mume wangu ameshaisaini, ametulia uso kama zamani. Kilichobaki ni ufunguo. Nimesema ngoja nikautafute.

Nimeupata. Ulikuwa mfukoni mwa gauni langu tangu nirudi asubuhi. Umo kiganjani. Naandika kwa mkono mmoja, daftari linacheza.

Mume wangu ameita kutoka ukumbini, kwa sauti ya chini, asimwudhi mgeni.

"Mwalimu, umeuona?"

Nimemwambia bado. Nimemwambia labda umo kwenye lile koti lake la kijivu, akatazame kwenye kamba ya nguo.

Amekwenda. Namsikia nje anapapasa nguo moja moja. Daktari amekohoa. Ameuliza kama kuna tatizo, akasema yeye hana haraka, ila benki inayo.

Mama mkwe amepita mlangoni. Ameona daftari, ameona ngumi yangu. Amevuta mlango taratibu, ameufunga.

Koti la kijivu nimelikalia.